Kabla hujawawekea watoto Kirikou

Filamu ya katuni Kirikou na Mchawi ya Michel Ocelot, ya mwaka 1998, imetokana na ngano ya Afrika Magharibi, na Ocelot mwenyewe alikulia Guinea. Sauti za Kifaransa zilirekodiwa Dakar na waigizaji wa Senegal, na muziki ni wa Youssou N'Dour. Kama lugha hiyo haipandi nyumbani, kaa karibu na watoto uwasimulie, maana wasiojua kusoma hawatafaidi maandishi ya chini.

Haifiki dakika 80. Wanawake wako vifua wazi na watoto uchi, kama maisha ya kijiji cha zamani. Waambie mapema, kwa utulivu, nao watazoea upesi.

Wadogo huogopa zaidi pale chemchemi iliyokauka. Kirikou, mtoto mdogo sana aliye shujaa wa filamu, anaingia ndani, anakuta mnyama amevimba kwa kunywa maji yote, anamtoboa kwa chuma cha moto. Maji yanafoka, na Kirikou anaonekana amekufa. Usisimamishe filamu hapo! Anazinduka punde tu, na ukikatiza mtoto anabaki na hofu.

Simamisha Kirikou anapofika kwa babu yake, mlimani. Hapo ndipo kiini: Karaba, yule mchawi, ni mwovu kwa sababu wanaume walimchoma mwiba mgongoni, unamuuma usiku na mchana, na ndio unaompa nguvu. Kirikou anaomba hirizi, babu anakataa. Waulize watoto kwa nini, wape muda wa kujibu. Asiyeelewa mwiba hataelewa kwa nini Kirikou anautoa kwa meno badala ya kumuua Karaba, wala wale wanaume wa kijiji "walioliwa" na Karaba wametoka wapi mwishoni.