Nilivyoipunguzia Boti Yangu Kelele Chini ya Maji

Ukiwa na boti ya sakafu ya kioo Bamburi au Nyali na fundi akakwambia kelele yote ni ya mashine, usimlipe kwanza. Mimi nililipa, tena pesa nzuri. Alitandika sponji ya godoro ndani ya kifuniko cha mashine, akabadilisha na raba zake. Abiria walifurahi kwa kuwa sasa tulisikilizana bila kupaza sauti. Lakini waliokuwa wakinisumbua moyo ni walio chini. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Pomboo hutafuta chakula kwa sauti, na vifaranga vya samaki walio nje husikiliza mwamba ili wajue pa kuingia. Hifadhi hii ya Bahari ya Mombasa ipo tangu 1986. Kazi yetu sote yategemea samaki hao.

Mzee mmoja mvuvi wa Mtwapa ndiye aliyenifungua macho. "Mwanangu, ukiwa juu husikii kitu. Shika kasia." Tukatia nanga kwenye ngalawa yake. Bapa la kasia likawa majini, mpini nikaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, sikio la pili nikaliziba kwa kidole. Mpwa wangu akapita na boti yangu. Mvumo wa mashine niliusikia, ila kwa mbali. Kilichojaa kichwani ni mchachatiko mkali, uliozidi kila alipoongeza mwendo. Nikampungia mkono apunguze. Alipofika mwendo wa taratibu, ule mchachatiko ukakatika ghafla, na nikawasikia kamba wadogo wa mwambani wakifyatua magando yao. Nilimwomba arudie mara kadhaa kwa raha tu!

Basi sponji haikuwa na lake. Propela ikizunguka kasi, mgandamizo wa maji mgongoni mwa panga lake hushuka, mapovu yanazuka, na yakivunjika ndiyo kelele yenyewe. Panga lenye pengo au lililopinda huanza mapema zaidi, na langu lilikuwa limepigwa na mwamba.

Kulinyoosha na kujazia pengo kulinigharimu elfu chache, bei ya kupatana. Fundi akimaliza, mwambie apitishe chuma katikati ya propela na akilaze juu ya kingo mbili. Panga zito litashuka lenyewe. Hilo ndilo la kupigwa tupa, kidogo kidogo, hadi propela itulie popote.

Ila dawa kubwa ni mwendo. Mwongozo wa IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa bahari, kwa meli, uliotolewa 2014 na kurekebishwa 2023, unataja hayo hayo: propela, usafi wa tumbo la meli, kasi. Si sheria, lakini mimi ndani ya mwamba siendi mbio, hata mgeni akiharakisha.

Kila bamvua, maji yakitoka na boti ikilala mchangani, napitisha kidole kwenye kingo za propela. Nikigusa pengo, safari ya kesho naahirisha.