Mfumo wa oda sasa una jina letu

Jamani, wateja wetu wa vitenge hapa Kibuye, Kisumu, sasa wanaagiza kwa anwani yetu wenyewe, si ile ndefu ya wanaotukodishia mfumo. Kikoa cha .co.ke, yaani jina letu la mtandaoni, tulikuwa nacho tayari. Vikoa vya .ke husimamiwa na KeNIC, ila unanunua kwa wakala.

Kazi yenyewe ni mstari mmoja. Fungua sehemu ya DNS (orodha inayoonyesha kila jina la mtandaoni linaelekea wapi) kwa wakala wako, ongeza rekodi ya CNAME, ile inayolielekeza jina moja kwenye jina lingine: upande wa jina andika "oda" basi, upande wa pili bandika anwani uliyopewa na wenye mfumo. Ukiandika jina zima, wakala wengi huliongezea mkia tena, unapata oda.jinalako.co.ke.jinalako.co.ke. Hiyo utaingoja hadi uchoke.

Shemeji alitaka jina tupu, bila "oda" mbele. Nikamweleza kwamba CNAME haikai pamoja na rekodi nyingine kwenye jina lilelile, na jina tupu lazima liwe na NS na SOA (rekodi za lazima zinazotaja seva na usimamizi wa kikoa), tena hapo ndipo ilipo MX, rekodi inayoelekeza barua pepe zetu. Akaguna, akakubali. Kuna wakala wenye ALIAS, rekodi inayofanya kazi kama CNAME kwenye jina tupu, ya kuzunguka hilo, wetu hana.

Simu ikionya kwamba tovuti si salama, usipaniki. Cheti cha SSL, kinachoithibitishia simu kwamba tovuti ni salama, hutolewa rekodi ikishaonekana mtandaoni. Rekodi yetu ilikuwa na TTL (muda ambao seva nyingine huikumbuka kabla ya kuiangalia upya) ya sekunde 3600, yaani saa moja, nikatoka nikala omena.

Ile linki ya zamani bado inafungua, kwa hivyo walioihifadhi msihangaike.