Gari yangu inakunywa oili, na kila mtu ana dawa yake

Nianze na hesabu, maana kazi yangu ni hesabu na ndo kitu pekee kwenye hii stori ambacho hakuna fundi ameweza kunibishia. Gari yangu inamaliza kama robo tatu ya lita ya oili kila kilomita 1,000. Nikiwa naenda kazini na kurudi inakuwa chini ya hapo kidogo, nikishika barabara ndefu nikaikimbiza inapanda. Haivuji. Nimelaza maboksi chini yake usiku kucha, asubuhi maboksi makavu kabisa, kwa hiyo hamna pa kujificha, inaichoma yenyewe ndani huko.

Aina ya gari sitaitaja, wenye nayo ni wengi mjini na ni watu wa hasira. Ni ya petroli, injini ya 1.8, ya Kijapani, namba D, niliinunua mkononi kwa mtu huku dalali akiwa katikati anasifia kuliko mwenye gari mwenyewe. Injini ilikuwa imeoshwa inang'aa, oili mpya, ukiwasha imetulia tuli husikii kitu. Siku hizi nikiona gari imepita miaka kumi na injini inang'aa hivyo moyo unashtuka, kwa sababu injini ikioshwa kila alama ya mvujo inaondoka na maji, na oili mpya nzito inafunika mengi kwa wiki chache, wiki ambazo ndo za wewe kulipa na kubadilisha kadi.

Moshi sikuuona kwa muda mrefu tu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi) yakiwa mazima yanaumalizia moshi hukohuko kwenye ekzosi, unaweza ukala oili nusu lita na aliyeko nyuma yako asione kitu. Ila masega nayo yanaumia, maana oili ina fosforasi na ile fosforasi inayapaka pole pole mpaka yanakufa. (Hapo ni kama bado unayo, kila gereji siku hizi kuna kijana anakuita pembeni, "dada hatuuzi masega hapo?")

Siku moshi ulipojitokeza tulikuwa tunashuka kutoka Lushoto msibani, magari mawili, kaka yangu nyuma. Ile barabara ya kushuka mpaka Mombo ni kona tupu, unaweka gia ndogo unaachia pedali ya mafuta, injini ndo inashika gari. Tukafika Mombo, nikaingia barabara kuu, nikakanyaga. Simu ikaita papo hapo, kaka anasema dada simama, umetupulizia dawa ya mbu huku nyuma. Moshi wa bluu, mzito, afu ukakata.

Mzee mmoja fundi, nitamrudia, alinieleza kwa nini ilikuwa pale na si kwingine. Ukiwa unashuka umeachia mafuta, injini inavuta hewa ambayo haipati, kwa hiyo inavuta chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni oili: ya juu inapita kwenye sili za vali (vile vimpira vinavyozuia oili isiingie) kama zimekuwa ngumu, ya chini inapita kwenye ringi za pistoni kama zimeganda. Inajikusanya. Ukikanyaga inaungua yote kwa mkupuo. Ukiona bluu asubuhi tu unapowasha afu inapotea, anza kushuku sili za vali. Ukiiona kila unapokanyaga, shuku ringi. Nyeupe inayoendelea hata injini ikishapata moto huku maji ya rejeta yanapungua ni ugonjwa mwingine na usiendelee kuendesha. Nyeusi ni petroli nyingi, hiyo hata haihusiani na haya.

Basi nikaanza ziara za gereji. Jamani. Mwanamke ukiingia gereji na neno "oili" mdomoni kila mtu ana jibu kabla hujamaliza sentensi. Wa kwanza alifungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inaunguruma, akaangalia sekunde mbili, "dada hii injini imekufa, tushushe tufunge ya mtumba, nakupeleka Ilala mwenyewe." Wa pili alisema tatizo ni oili nyepesi, weka 20W-50, ile nzito, utanishukuru. Wa tatu alikuwa na kichupa cha dawa, ukimimina unasahau. Wote watatu walikuwa na uhakika na wote watatu hakuna aliyeniuliza inakula kiasi gani kwa umbali gani. Ndo nikajua hii kitu itabidi niishike mwenyewe.

Nikanunua daftari dogo likakaa kwenye dashibodi. Sehemu ya kupimia ni moja, tambarare, pale nje kwetu chini ya mwarobaini, asubuhi kabla ya kuwasha, unachomoa dipstiki unafuta unarudisha unachomoa tena. Kilomita upande huu, kiasi nilichoongeza upande ule. Hamna sayansi hapo, ila baada ya muda nilikuwa na kitu ambacho mafundi hawakuwa nacho.

Na kilichonitoa jasho kwenye hizo hesabu ni hiki. Injini yangu inabeba oili lita 4 kasoro. Fundi wa servisi kila siku anakwambia rudi baada ya kilomita 5,000. Robo tatu mara tano ni 3.75. Yaani ningemtii bila kufungua boneti hapo katikati, ningemrudia na injini kavu, na ningemrudia nikiwa nimevutwa na kamba. Tena usidanganyike na ile taa nyekundu ya kibirika, haipimi oili imebaki ngapi, inapima presha. Ikiwaka ukiwa barabarani maana yake pampu imeanza kukosa, vyuma vinasagana, zima hapo hapo usiseme nifike kwanza kituo cha mafuta. Gari nyingi ndogo kutoka alama ya juu ya dipstiki hadi ya chini ni kama lita 1, na hiyo lita ndo nafasi yote uliyonayo ya kucheza.

Sasa je robo tatu ni nyingi? Hapa ndo nilicheka mwenyewe ofisini. Vitabu vya baadhi ya watengenezaji vinasema mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000 ni sawa tu, kwa vitabu hivyo gari yangu ni mzima wa afya. Lakini Toyota kule Marekani, kwenye injini yao ya 2AZ-FE ile ya 2.4, walitoa waraka kwa mafundi wao mwaka 2011 kuhusu Camry za 2007 hadi 2009 na ndugu zake kadhaa: gari inapimwa kwa maili 1,200, ikila zaidi ya kwati moja wanabadilisha pistoni na ringi. Kwati moja ni lita 1 kasoro kidogo na maili 1,200 ni kama kilomita 1,900, piga mwenyewe, ni nusu lita kwa kilomita 1,000. Mwaka 2015 wakaongeza na muda wa waranti kwa tatizo hilo hilo. Yangu sio 2AZ ila kwa kipimo hicho ingepokelewa mlangoni. Kwa hiyo gari ni ile ile, kwa kitabu hiki mzima, kwa waraka ule mgonjwa, na mimi Kimara hapa sina waranti ya mtu yeyote.

Ugonjwa wenyewe ni huu: pistoni ina ringi tatu, mbili za juu zinazuia kompresheni, ule mbano wa hewa ndani ya silinda, isishuke na ya tatu kazi yake kukwangua oili kwenye kuta za silinda iirudishe chini kupitia vitundu vidogo. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, masizi yanaziba vile vitundu na ringi inaganda kwenye mfereji wake. Oili inakosa pa kurudia, inabaki juu, inaungua, inaacha masizi zaidi, na masizi yanaziba zaidi.

Huyo mzee fundi yuko gereji ya mti huko Tabata, hana bango wala nini. Nilipomfikia aliniuliza, "mama, umepima?" Nikatoa daftari. Alivaa miwani akalisoma kurasa zote, sijawahi kuona mtu anasoma mahesabu yangu kwa heshima hivyo hata ofisini. Akatoa plagi, mbili kavu, mbili zina masizi yenye unyevu. Akapima kompresheni, silinda zote nne zipo vizuri. Nikafurahi, nikamwambia basi ringi nzima. Akasema hapana mwanangu, hii inapima zile mbili za juu, ile ya tatu humu haionekani. Injini inaweza kuwa na nguvu zake zote na bado inakunywa. Hapo ndo nikaelewa kwa nini ile ya kwanza ya "injini imekufa" ilikuwa uongo, na kwa nini "injini nzima kabisa" ya dalali nayo haikuwa uongo moja kwa moja.

Akaanza na vya bei ndogo. Vali ya PCV, kale kadude kanakorudisha hewa chafu ya injini, alikachomoa akakatikisa, hakalii. Kazima kanalia chaka chaka. Kakiziba presha inapanda ndani na kuisukuma oili inakotaka. Tukaweka mpya, bei yake haifiki hata petroli ya siku mbili. Afu tukalowesha pistoni: plagi zinatoka, dawa ya kuyeyusha masizi inamiminwa kidogo kila tundu, inalala humo. Asubuhi, na hapa alisisitiza sana, unapiga stata plagi zikiwa bado nje ili dawa iruke itoke, maana ukifunga plagi na kimiminika kiko juu ya pistoni, hakibinyiki, mkono wa pistoni ndo utapinda. Baada ya hapo oili yote inamwagwa na filta mpya. Kabla ya hayo yote gari ilikuwa inakaribia lita nzima. Sasa ndo hiyo robo tatu.

Kuhusu oili nzito sikukataa moja kwa moja. Namba ya kwanza yenye W ni tabia ya oili ikiwa ya baridi, ya pili ni ikiwa kwenye joto la nyuzi 100, na Dar hatuna baridi ya kuogopa, kwa hiyo kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 tuliona hamna dhambi. Ila 20W-50 kwenye injini ambayo vali zake zinarekebishwa kwa presha ya oili kupitia vijitundu kama vya sindano mimi naona ni kuiziba mdomo isilalamike. Inafaa sana kwa mtu anayeuza.

Na hapo ndo nimekwama, sio kwenye moshi. Nikipiga hesabu ya pesa, kilomita 12,000 kwa mwaka ni lita 9 za kuongezea, hata ukiweka shilingi 18,000 kwa lita ni 162,000. Kufungua injini, ringi, gasketi, sili na mkono wa fundi, makadirio niliyopewa yanaanzia milioni moja na nusu. Mahesabu yanasema ongezea oili maisha yaendelee. Injini ya mtumba nayo ni bahati nasibu, imetoka kwenye gari la umri ule ule, na nani anajua mwenyewe alikuwa anamwaga oili lini. Lakini nimechoka kubeba galoni kwenye buti, nimechoka kumwambia kila anayeazima gari "pima kwanza", kwa hiyo nikaamua kuuza.

Dalali (sio yule, mwingine, lakini ni wale wale) akanipa maelekezo kwa sauti ya chini. Osha injini, weka nzito, mteja aje jioni. Nikamjibu mteja nitamwambia ukweli. Akaniangalia kwa huruma kabisa, "sasa dada, we unauza au unaungama?"

Mteja alikuja, kijana mstaarabu na mkewe. Nikamwonyesha daftari, nikamwambia inakula kiasi hiki, kimefanyika hiki na hiki, bei nimeshapunguza kwa ajili hiyo. Nilitegemea atashukuru. Kumbe nilivyozidi kueleza ndo alivyozidi kuogopa, maana mjini hapa muuzaji akikiri robo mnunuzi anajua iliyofichwa ni tatu. Aliniuliza mara mbili, "na kingine?" Nikasema hamna kingine. Mkewe akamvuta shati. Wakaenda, na baadaye nikasikia amechukua nyingine ya aina hiyo hiyo mtaa wa pili, injini imeoshwa inang'aa.

Sikumchukia, na yule aliyeniuzia mimi hasira nazo zimepungua, ingawa namba yake bado ninayo na kuna siku kwenye foleni huwa naitazama. Tangazo la kuuza nimeliondoa. Mzee wa Tabata nimemwambia ada za Januari zikipita tunaifungua, akasema ringi nije nazo za kampuni yenyewe, zile za kopi zinazouzwa nusu bei hatazifunga, na vile vitundu vya pistoni atavizibua kimoja kimoja nikiwa nimekaa pale naona. Mume wangu anasema hiyo pesa tungeongezea tukanunua gari nyingine. Mkononi kwa mtu, namuuliza? Kanyamaza, afu akaenda kupima oili.