Baka la dohani limekauka, ngazi zisubiri

Limekauka! Lile baka la kahawia kwenye ukuta wa dohani, chumba cha juu, halijarudi tangu Oktoba, na huku Suffolk, Uingereza, ukungu umekuwepo wa kutosha kulitoa popote lilipojificha. Wanaofuatilia kumbukumbu hizi wanajua nimelilalamikia kiasi gani. Leo naandika kwa raha zangu.

Kwa waliojiunga karibuni: nyumba ni ya fremu ya mwaloni, kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Ndiyo, nyumba ya fito na udongo, tena imeorodheshwa na serikali kama urithi, daraja la II. Bibi yangu wa Muheza angecheka mpaka alie. Ilianza kama ukumbi mmoja usio na dari, moto ukiwaka katikati ya sakafu na moshi ukijitafutia njia kwenye nyasi. Dohani ililetwa baadaye, mimi nakadiria mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1577 William Harrison, kasisi wa Radwinter, Essex, aliandika kwamba wazee wa kijijini kwake walistaajabia wingi wa dohani zilizojengwa enzi za uhai wao; yetu ilichelewa kidogo. Dohani ilipoingia, moshi ukapata njia yake, ndipo ikawezekana kuweka sakafu ya juu. Karne ya 19 nyumba ikagawanywa kwa familia mbili za vibarua wa shamba, na meko kubwa ya kuni ikazibwa ili kuwekwa meko ndogo ya makaa ya mawe. Hayo makaa yakumbukeni.

Sasa baka. Fundi wa kwanza akasema paa linavuja. Mwezekaji akapanda, akakagua pale nyasi zinapokutana na dohani, akasema pazima. Fundi wa pili akachomeka kifaa chake cha pini mbili, namba ikapanda mpaka mwisho, akatangaza kwamba maji yanapanda kutoka ardhini na kwamba dawa ni kudunga kemikali ukutani. Chumba cha juu, jamani! Maji yapande ghorofa nzima, yapite ukuta wa chini bila kuulowesha, kisha yatulie karibu na kitanda changu. Na bei yake sitaitaja.

Kuhusu hicho kifaa cha pini nina maneno. Kinachopima si maji, ni jinsi umeme unavyopita kati ya pini mbili, na namba zake zimepangwa kwa ajili ya mbao. Kwenye boriti nakipenda, nimekitumia nyumba nzima. Kwenye matofali ya zamani kitakudanganya, maana chumvi nayo hupitisha umeme ikipata unyevu kidogo tu, na kifaa hakijui tofauti. Anayepima ukuta wa dohani kwa pini peke yake anapiga ramli.

Kilichonifungua macho ni daftari. Nilianza kuandika hali ya hewa kila asubuhi, pamoja na ukubwa wa baka. Mvua kubwa: baka halikui. Ukungu bila tone la mvua: baka linapanuka kiganja kizima. Mtu aliyekulia Tanga anaijua tabia hiyo, ndivyo inavyofanya chumvi ya mezani wakati wa masika hata ukitia punje za mchele kwenye kikopo. Ukuta haukuwa unavujiwa. Ulikuwa unakunywa hewa.

Masizi ya kuni na ya makaa ya mawe yana kloridi na nitrati. Kwa miaka mingi zimepenya kwenye matofali na kwenye lipu ya ndani ya dohani (zamani ilikuwa chokaa na samadi ya ng'ombe), zikafika upande wa chumbani. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75. Baadhi ya nitrati hazingoji hata kiwango hicho.

Basi nikapima jikoni. Keekee kwa mwendo wa polepole ili vumbi lisipate joto, gramu 5.00 za unga wa tofali, mizani ya kupima hadi gramu 0.01. Sampuli ikakaa ndani ya boksi lililofungwa, juu ya maji yaliyokolezwa chumvi hadi ikagoma kuyeyuka. Hapo hewa ya ndani hutulia kwenye asilimia 75 yenyewe. Ikatoka na gramu 5.04. Baada ya kukaushwa kwenye oveni, 4.71. Yaani hewa peke yake ingeweza kuleta maji yote niliyoyakuta ukutani na zaidi. Sampuli ya ukuta wa chini: 5.00, 4.98, 4.96. Hapo nililala usingizi.

Tiba niieleze kwa kifupi. Kwanza kibali cha halmashauri, kwa sababu kugusa jengo lililoorodheshwa bila kibali kunaweza kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1990. Lipu ya jasi ikaondolewa. Matofali yakapakwa udongo mweupe uliochanganywa na karatasi zilizosagwa, ukakauka ukiwa umenyonya chumvi, ukabanduliwa, ukapakwa tena. Kisha lipu ya chokaa yenye manyoya ya mbuzi. Juu ya dohani, bamba la zege lililokuwa limeiziba kabisa likatoka, ikaja kofia ya udongo wa kuchoma yenye matundu. Chini nikatoboa kidirisha cha hewa. Bila kupitisha hewa mle ndani, kazi nyingine yote ni bure.

Mpango wa mwezi huu ulikuwa ngazi, vile vidato vya pembeni vilivyoliwa na mende wa mbao. Nimeziacha. Nilipopanda darini kufuata dohani niliona mapau meusi tititi kwa moshi wa ule moto wa sakafuni, na kila jozi ina namba ya seremala ya kuonyesha mfuatano wake, iliyochorwa kwa ncha ya chuma: III, IIII, V. Baada ya V, ubavuni mwa dohani, inakuja VIIII, kisha VI. VIIII nayo ni nyeusi kama wenzake. Lakini upande wa mashariki nyumba inaishia VIII.

Kwa hiyo ilitoka wapi? Nimeshuka kuangalia nguzo ya pembe ya mashariki: upande wa nje, unaotazama bustani, ina matundu mawili ya ulimi (ya kuchomekea ncha ya boriti) yasiyoshika chochote. Nadhani nyumba iliendelea kwenda huko, na waliotoboa paa kupitisha dohani walichukua mapau ya sehemu iliyokuwa ikibomolewa. Picha nimeshamtumia afisa wa majengo ya kihistoria. Kesho napima nafasi kati ya jozi na jozi.