Mistari miwili, slaidi safi: siku yangu maabara, Lamu

Saa kumi na mbili unusu. Mahamri kwa mbaazi, kisha natoka Langoni kwa miguu kabla punda hawajajaa njiani.

Saa mbili kasorobo. Boksi la vipimo vya haraka vya malaria limevuka kutoka Mokowe. Kwanza nasoma kiwango cha joto kilichoandikwa ubavuni. Vingi mwisho wake nyuzi 30 au 40. Mstari mmoja, wa juu, ni hakuna malaria; miwili, ipo. Kitepe cha kipimo kilichochemka juani kinaweza kumkosa mgonjwa, na mstari wa juu ukatokea vile vile, maana huo unaonesha tu kwamba majimaji yamepita.

Saa tatu. Slaidi. Tone nene la damu kwenye kioo, rangi ya Giemsa ya asilimia 10, kisha hadubini. Husemi hakuna vimelea mpaka upitie angalau sehemu 100 za slaidi. Tunasoma wawili, kila mtu kivyake, bila kujua kitepe kimesemaje. Tukitofautiana anaitwa wa tatu. Mwenzangu ana macho marefu, basi daftari nalifunika kwa kiwiko kama mtoto wa chuoni.

Saa tano. Bi mmoja wa Matondoni: kitepe mistari miwili, slaidi safi.

“Mwanangu, sasa ninayo au sina?”

“Bi, dawa ya malaria umekunywa lini?”

“Ah, nimemaliza juma lililopita.”

Basi. Kitepe hiki hakitafuti kimelea chenyewe, hutafuta protini yake, HRP2, nayo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Swali hilo la dawa lilistahili kuwa la kwanza kwenye fomu.

Saa nane. Wenzetu wa nyanjani wanataka kupima kijiji kizima, wenye homa na wasio nayo. “Si kipimo ni sahihi asilimia 95?” Nachukua kalamu. Tuseme watu 1,000, wagonjwa 20. Kitawanasa 19. Wazima ni 980, na asilimia 5 yao, watu 49, kitawapa mistari miwili kwa makosa. Mistari miwili jumla 68, wagonjwa wa kweli 19 tu! Kipeleke kitepe hicho hicho kwa wenye homa ambao nusu yao wanaugua, na kila majibu 100 ya mistari miwili, 95 ni ya kweli. Mstari mmoja ndio wa kutegemewa kijijini: kati ya watu 932, aliyepotea ni mmoja.

Saa tisa unusu. Wameguna, wakakubali: mwenye mistari miwili na hana homa, slaidi kwanza, dawa baadaye. Sasa wanataka kujua slaidi hizo zote atazisoma nani.