Kisu changu cha kwanza cha kukunja kilinikata mwenyewe

Sitawadanganya, nilikinunua kwa sura tu. Cheusi tii, ncha imekatwa kama patasi, nusu ya makali ina meno ya msumeno, yaani vile vya kikomando wanavyoviita taktiko, ukikishika unajiona unaruka kwenye helikopta. Wiki ya tatu natoboa dumu la plastiki, nimekandamiza ncha kwa nguvu zote, loki ikaachia, ubapa ukajikunja moja kwa moja kwenye kidole cha shahada. Alama ipo mpaka leo.

Nikaja kukikagua kwa utulivu baada ya bandeji, ndo nikaona ujinga wangu. Kilikuwa na ile laina-loki, ndani ya mpini kuna kibati kama springi, ukifungua kisu kibati kinaruka kwenda kukaa nyuma ya kitako cha ubapa ili usirudi. Sasa cha kwangu kilikuwa kinagusa pembeni tu, tena kwa shida, sawa na mlango ambao ulimi wa kitasa haujaingia vizuri, upepo ukipiga unafunguka.

Kwa hiyo kabla hujauliza chuma gani, fungua kisu, kigeuze, tazama pale kibati kinapokutana na ubapa. Kiwe kimeingia robo mpaka nusu ya unene wa kitako. Halafu vidole vyote vikiwa mbali na njia ya ubapa, bonyeza mgongo wake mezani taratibu (usiugonge, unaukandamiza tu). Loki ikisogea hata kidogo, mrudishie muuzaji. Ubapa ukicheza kushoto kulia mara nyingi ni skrubu ya pale unapokunjia, unaikaza inaisha, ila ukicheza juu chini hiyo ni loki, achana nacho.

Na kingine hakuna aliyeniambia: kufunga laina-loki kidole gumba chako kinapita njia ya makali. Mgeni anajikata hapo hapo. Ndo maana mtu akiniuliza siku hizi namwelekeza kwenye loki ya kijiti cha chuma kinachokatiza mpini, ile kampuni ya Benchmade waliyoitoa 1998 wakaiita Axis na sasa kampuni nyingi zina za kwao, unavuta kijiti nyuma ubapa unajishukia, vidole viko salama, na wa mkono wa kushoto naye anafurahi. Au chukua tu kisu cha Opinel, kina pete unayoizungusha kwa mkono kuzuia ubapa usijikunje, ipo tangu 1955, hakina ukomando wowote lakini pete ukishaizungusha umemaliza.

Chuma watu wanabishana mpaka usiku wa manane. Chuma cha aina ya D2 inakaa na makali muda mrefu, ila ina kromu (ile inayozuia kutu) kama asilimia 12 tu na sehemu kubwa imeshikwa na kaboni, ukiiacha na maji inapata kutu. Mimi kwa anayeanza nasema chuma cha 14C28N au hata 8Cr13MoV ya bei rahisi, zinanoleka upesi, na wewe mara tano za kwanza utanoa vibaya, bora uharibu cha bei ndogo. Yale meno ya msumeno yaache, ni mazuri kwa kamba basi, yanakula ile sehemu karibu na mpini ambako mkono una nguvu zaidi, na kinoo cha kawaida hakiyawezi.

Urefu sentimita 7 mpaka 9 unatosha kabisa. Soma sheria ya unakoishi kwanza, maana Uingereza kwa mfano kisu cha kukunja chenye loki huwezi kutembea nacho hadharani bila sababu ya maana hata kiwe kidogo vipi, ila kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3 hakina shida.

Kile cheusi nimekizungushia selotepu, kiko droo ya chini. Mdogo wangu alikiomba wiki iliyopita, eti kinapendeza. Nikamnyima.