Nimerudi, na shangazi bado hali samaki

Miaka 9 nimekuwa mpishi wa meli za mizigo. Nimerudi Nairobi nikaikuta barabara ya juu kwa juu kutoka Mlolongo hadi Westlands ambayo sikuiacha, na kibanda cha chapati nilichokiacha sikukikuta. Hayo tuyaache. Shangazi hakungoja hata nimalize chai. "Wewe mtu wa bahari, kesho twende kwa babu."

Babu huyo ni kaka mkubwa wa babu yangu. Kwetu husema alikuwa keya, askari wa King's African Rifles, lakini hasa alikuwa mpiga mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Februari 1944 waliondoka Mombasa na meli Khedive Ismail kwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, njia ya kwenda kupigana Burma. Tarehe 12, kusini mwa Maldives, saa nane u nusu mchana, nyambizi ya Wajapani I-27 iliipiga kwa torpedo. Dakika mbili tu, meli chini. Walikufa karibu watu 1,300. Waliobaki wakielea, baadhi yao waliuawa na mabomu ya manowari za Waingereza wenyewe, maana nyambizi ilikuwa imejificha chini yao.

Nimepita maji hayo. Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Nilichungulia dirishani mara moja, nikarudi kwenye sufuria kabla haijaungua.

Mama yake babu huyo hakula samaki tena mpaka akafa, wala hakuruhusu aingie nyumbani. Alikuwa akiuliza, "Mnajua amekula nini huyo?" Shangazi amelelewa hivyo.

Basi tulishika matatu namba 111 pale Dagoretti Corner hadi makaburi ya vita, Ngong Road. Nyasi zimekatwa kama kichwa cha mwanafunzi. Wa meli ile hawana kaburi, wana majina ukutani. Shangazi alilitafuta kwa kidole, polepole, akalipata, akalipangusa kwa ncha ya leso. Jina lina herufi moja pungufu. Naona karani aliandika alivyosikia. "Ndiye," shangazi akasema. "Msalimie."

Nikamsalimia. Shikamoo babu. Nilijisikia mjinga kidogo, kusema kweli.

Jioni Kawangware, shangazi alisimama kwa mama wa samaki, akachagua mmoja mnene, akalipa. Nilishangaa, sikusema kitu. Nyumbani aliniwekea na ugali.

Yeye alikula sukuma.